Katiba ya Waanika Dagaa

Nilikwenda Ujiji kwa sababu mama mkwe aliniita, na mama mkwe akikuita huulizi umbali. Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, watu wakivuka ziwa kutoka Kongo karibu kila wiki. Bi Zuhura, mama wa mke wangu, alikuwa mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wanaoanika dagaa ufukweni, na kikundi kilitakiwa kiwe na katiba. "Mkwe ni mwalimu wa historia," aliandika katika barua yake, "aje atuandikie." Mimi nilikuwa nafundisha sekondari Morogoro, na muhula ule nilikuwa nimetoka kufundisha somo ninalolipenda kuliko yote, jinsi Wamarekani walivyounda serikali yao. Nikaona Mungu kanipa mahali pa kulitumia. Nikatia daftari langu mkobani kwa majivuno ambayo sasa yananichekesha.

Njiani sikuona mengi, maana nilikuwa nasoma. Tabora nilishuka kununua asali ya mama mkwe, karibu treni iniache. Uvinza wauza chumvi walinipigia dirisha hadi nikanunua chumvi ambayo nilijua Ujiji imejaa tele. Muda uliobaki, ndani ya daftari langu, nilikuwa Filadelfia ya Marekani, pamoja na wale wajumbe waliojifungia ndani wakati wa joto, madirisha yamefungwa, wakibishana namna ya kuongoza nchi isiyo na mfalme. Walikuwa wameweka madaraka juu ya mafiga matatu, wanaotunga sheria, wanaozitekeleza na wanaoamua kesi. Figa moja likiondoka, chungu kinamwagika. Nilipanga kuwaeleza akina mama hivyo hivyo.

Kigoma tulifika asubuhi. Ukitoka stesheni ziwa liko mbele yako, na siku ile lilikuwa limetulia. Karibu na bandari watu waliokuwa wamevuka karibuni walikaa chini kwa mistari, na magodoro yao na masufuria, huku afisa akipita na kalamu akiwahesabu. Nilisimama kidogo nikaona huruma, kisha nikapanda gari la kwenda Ujiji.

Ujiji nilipokelewa kama mkwe anavyopokelewa, yaani nilikalishwa peke yangu sebuleni na sinia lililotosha watu watatu. Ugali wa muhogo, na migebuka, samaki wa ziwa lile, iliyoungwa kwa mawese. Bi Zuhura aliitikia shikamoo yangu akiwa mlangoni, akauliza habari za binti yake na wajukuu, akapokea asali, akaniacha nile. Sikumbuki kushiba vile mahali pengine popote.

Siku ya pili, ufukweni Kasingirima, ndipo nilipoelewa tatizo. Kamati ya ufukwe ilikuwa inavipa vikundi mchanga wa kuanikia kwa kufuata wingi wa watu. Kikundi chetu kilikuwa na wanawake wa Kasingirima, ambao ni wengi, na wa mtaa wa pili, Bangwe, ambao ni wachache. Tena walikuwapo wanawake wa ng'ambo, wakimbizi waliokuwa wakiishi kwa ndugu zao pale Kasingirima. Kasingirima walitaka hao wa ng'ambo wahesabiwe, ili kikundi kipate mchanga mkubwa. Bangwe walikataa. Walisema wageni wakihesabiwa watapiga kura upande wa wenyeji wao, na Bangwe itamezwa.

Wakati huo wenyewe wa ng'ambo walikuwa wamewekwa pembeni kabisa, pale mitumbwi inapopandishwa, kwenye mchanga usiokauka. Nilimkuta mmoja wao, Mama Furaha, mama mnene wa sauti ya chini, akichambua dagaa waliooza kwa sababu wimbi lilikuwa limewafikia tena. Alinisalimu vizuri. Alisema ameomba mara tatu ahamishiwe mchanga mkavu, na mara tatu ameambiwa asubiri.

Mchana ule niliketi barazani nikaandika, na saa ya alasiri nilikuwa nimepata dawa. Kifungu cha saba: wanawake wa ng'ambo watahesabiwa kuwa wanachama mbele ya kamati ya ufukwe, ila hawatapiga kura. Kasingirima wapate mchanga wao, Bangwe wasimezwe. Nilimsomea Bi Zuhura, akasema nimeona mbali. Mama Yoeli, mkubwa wa Bangwe, naye akakubali. Nilijisikia mtu mkubwa, nikala tena.

Siku ya tatu, baada ya dagaa kuanikwa, wote walikaa kwenye mkeka nikawasomea katiba. Kifungu cha saba kilipita bila neno. Basi, kwa kuwa mwalimu hakosi la kuongeza, nikawasimulia Filadelfia. Nikaeleza majimbo makubwa yalivyotaka viti kwa wingi wa watu na madogo yalivyotaka usawa, wakapatana kuwa na mabaraza mawili. Moja huhesabu watu, na katika la pili kila jimbo lina viti viwili, liwe kubwa au dogo. Mama Yoeli alilipenda lile la pili, akanifanya nilirudie.

Na kwa kuwa nilikuwa nimenogewa, nikaendelea. Nikasema kulikuwa na ugomvi mwingine kuhusu watumwa, kwamba mabwana walitaka wahesabiwe ili wao wapate viti zaidi, na mwisho wakapatana kila watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

Mama Furaha alikuwa ameketi mwisho wa mkeka. Aliuliza pole pole tu, kwa Kiswahili cha kwao Kongo:

"Mwalimu, bale batumwa benye balihesabiwa, na bo balichagua?"

Jibu lilikuwa mkononi mwangu, kwenye karatasi, kifungu cha saba. Nikasema hapana, hawakuchagua. Nikaona aibu. Kumpinga mama mkwe mbele ya watu siwezi, na kifungu kile alikuwa amekwisha kukisifia. Nikaikunja ile karatasi, na kuikunja kule hadi leo sikupendi.

Aliyesema ni Bi Zuhura mwenyewe, akitazama ziwa.

"Bibi yangu mzaa baba aliletwa hapa na msafara wa watumwa, kutoka ng'ambo hiyo hiyo. Alihesabiwa kwenye mchanga huu huu, na hakuna aliyemwuliza neno." Kisha akanigeukia, jambo ambalo mama mkwe wa Ujiji halifanyi ovyo. "Mkwe, futa."

Nikafuta. Mama Yoeli akauliza kwa haki yake kabisa, je, Bangwe sasa itajikinga na nini? Hapo Wamarekani wakanifaa kweli. Tukaandika kwamba kila anayehesabiwa anapiga kura, na kwamba Kasingirima, Bangwe na ng'ambo kila upande utoe wajumbe wawili, sawa sawa, na jambo lolote lipite kote kuwili, kwenye kura ya wote na kwa wajumbe. Mama Yoeli alifikiri, akasema wachache wawili, Bangwe na ng'ambo, wakiwa pamoja si wachache tena, akakubali.

Kura ya kwanza ilipigwa hapo hapo, kwamba mchanga mkavu na mchanga wa maji watu wapokezane kila wiki. Mama Furaha alinyoosha mkono. Nilihesabu mikono yote, nikaandika, nikafunga daftari, na wa kwake ulikuwa bado uko juu. Ilibidi jirani yake amguse.

Asubuhi ya kuondoka waliniletea stesheni kifurushi cha dagaa, wakavu kweli kweli. Bi Zuhura alinipa radhi zake na salamu za kumpelekea mke wangu. Nilirudi nimefurahi, nimenenepa, daftari limefungwa mkobani hadi Morogoro.

Muhula ulipoanza nililifundisha tena somo lile. Mwanafunzi mmoja aliuliza iliwachukua muda gani Wamarekani kukifuta kifungu cha watumwa. Nikamjibu kwamba iliwabidi wapigane vita wenyewe kwa wenyewe, na kura ya kweli ikachelewa miaka mingi baada ya hapo. Akauliza watu wenye akili vile waliwezaje kuandika kitu kama hicho. Nikafungua daftari, nikawaonyesha karatasi ya kwanza ya Ujiji na mstari wake uliokatwa, nikawaambia mwandiko ule ni wangu.