Bomba la Mtaa na Sehemu ya Pili

Jumamosi, tarehe 14 Machi 1987, saa tisa alasiri, watazamaji themanini na mmoja waliketi katika ukumbi wa chama cha mafundi kutazama mchezo mpya wa mtunzi ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa chaki alikuwa ameiacha zamani. Kwa miaka ishirini alikuwa akitunga michezo ya kuurekebisha mtaa, na mtaa ulivunjika mbavu, ukapiga makofi, ukarudi nyumbani vilevile ulivyokuja. Safari hii alikuwa amemwahidi mkewe kwamba lisipobadilika walau jambo moja, angeitupa kalamu.

Mchezo ulihusu bomba la maji la mtaa, ambalo msimamizi wake alilitia kufuli na kuwafungulia rafiki zake tu. Katika sehemu ya kwanza angewatesa watu. Katika ya pili, iliyomkunisha Mwalimu kichwa miezi mitano, angeshauriwa kwa upole, atubu, afungue mwenyewe. Msimamizi wa kweli alikuwa mstari wa mbele, akicheka kuliko wote.

Shemeji yake Mwalimu, aliyeigiza msimamizi, akaipiga teke ndoo ya mjane, aliyeigizwa na mke wa Mwalimu. Hapo muuza mkaa mmoja, mama wa makamo, akasimama.

"Wewe bwana, lete huo ufunguo."

"Mama, huu ni wa mchezo," shemeji akanong'ona.

"Sikusemi wewe, mwenye ndevu za pamba. Namsema huyu anayecheka."

Msimamizi wa kweli akainuka, akatoka, na ukumbi wote ukamfuata. Mwalimu alichungulia dirishani asielewe: anawaongoza, au anafukuzwa? Punde zikasikika ndoo zikigongana bombani.

"Wamefungua," mkewe akasema.

"Lakini sehemu ya pili hawajaiona."

"Haya."

"Haya nini? Mimi niliandika aombwe kwa upole. Sasa hili nimelifanya mimi, au muuza mkaa?"

"Mwenzangu, hilo sijui. Kalamu unaitupa, huitupi?"

"Na mimi je?" shemeji akauliza. "Nitubu, au nivue ndevu?"

"Tubu," Mwalimu akasema, akivuta kiti. "Ngoja kwanza nione nilichoandika."

Sehemu ya pili ikachezwa yote. Ukumbini walibaki wanne: waigizaji wawili, bawabu aliyesinzia mlangoni, na mtunzi.