Mzigo Aliopokea Maganga

Sikuota, sikunywa, wala sikuhadithiwa na jirani. Nilikuwepo mwenyewe, na kovu hili juu ya nyusi nililipata siku hiyohiyo. Ukitaka kucheka, cheka sasa, maana huko mbele hutapata nafasi.

Mimi ni muuza asali hapa Tabora mjini, Mmoravian wa kubatizwa, mtu asiyejua hata njia ya kwa mganga. Mdogo wangu Maganga ni fundi wa kuchomelea mageti: pande la mtu, mcheshi, akicheka mtaa mzima unajua yupo. Maisha yetu yote hatukuwahi kuiona bahari. Basi tukasema twende Bagamoyo, tukaone walikokuwa wakifika babu zetu na mizigo ya watu mabegani. Mkewe alikuwa na mimba kubwa, akabaki.

Na Bagamoyo ni kuzuri, sitadanganya. Maganga aliyaonja maji ya bahari, akatema, akauliza, "Dada, nani kamwaga chumvi yote hii?" Tulizunguka magofu ya Kaole, tukapelekwa na boti ndogo kwenye mikoko kutazama ndege, tukala pweza mpaka mataya yakachoka. Laiti tungeondoka siku hiyo!

Asubuhi ya mwisho tulikwenda kuuaga ufuko. Maji yalikuwa yamekupwa, mchanga mtupu mpaka mbali. Mtu mmoja akaja kutoka upande wa majini. Kafunga shuka kiunoni, kifua wazi, begani kabeba mzigo mrefu uliofungwa kwa mkeka.

"Mwangaluka," akatusalimu.

Hebu fikiria: uko mwisho wa nchi, mtu asiyekujua anakuamkia kwa Kinyamwezi! Maganga akafurahi kama kaona ndugu wa tumbo moja.

"Shikamoo, mzee! Nyumbani wapi?"

"Marahaba. Unyanyembe. Nipokee kidogo, mwanangu. Bega limekufa."

Nani angekataa? Unyanyembe ndiyo Tabora yetu, na sisi tumelelewa hivyo, ukimkuta mkubwa na mzigo unampokea. Maganga akauinamia, akaguna, akautia begani. Mimi nikainama kuokota kandambili yangu iliyokwama kwenye tope. Nilipoinuka, mzee hakuwepo. Ufuko ule hauna hata kichaka cha kujifichia. Na Maganga alikuwa amesimama, mkono mmoja juu, ameshika hewa.

"Mzigo uko wapi?" nikamuuliza.

"Si huu hapa?" akanijibu. Kisha akatazama, akashusha mkono polepole. Hakucheka.

Mpaka tunafika Dar es Salaam, bega lilikuwa limevimba. Kwenye zahanati wakampa vidonge vya maumivu, wakasema amelalia vibaya. Tukapanda treni. Njia nzima alikaa ameinama upande mmoja, na kila nilipomsemesha aliniambia jambo lilelile: "Ni mzito, dada. Sijaambiwa nitue."

Kesho yake alasiri, jua kali, treni ikasimama Tura. Mnaijua Tura, ukifika hapo ukitokea mashariki umeshaingia Unyamwezi. Wachuuzi wakaja madirishani na karanga na maji. Nilipokuwa nanunua, Maganga akainuka, akashuka bila viatu, akaanza kutembea kando ya reli kuelekea magharibi. Nikamfuata nikimwita. Hakugeuka.

Ndipo nikamwona. Yule mzee alikuwa nyuma yake, na fimbo. Sio kivuli, sio moshi, niamini. Niliiona mishipa ya shingo yake. Alimchapa Maganga mgongoni, shati likachanika. Akamchapa tena, ngozi ikafunguka, damu ikashuka mpaka kwenye mkanda wa suruali.

"Tembea! Hakuna kutua mpaka nyumbani!"

Maganga alilia kama mtoto na akazidi kutembea. Akaanguka, akainuka, akachapwa ya kichwa. Ungefanya nini wewe? Ungepiga magoti usali? Mimi niliokota jiwe la reli, lenye kona kali, nikamrukia yule mzee nikampiga nalo usoni kwa nguvu zangu zote. Nilisikia mfupa. Nikapiga tena.

Aliyeanguka ni Maganga.

Alianguka chali, mikono usoni, na damu ikimtoka katikati ya vidole. Yule mzee alikuwa wima, uso mzima, hana hata mkwaruzo. Nikalitazama jiwe mkononi mwangu, lina damu na nywele za mdogo wangu. Mzee akanyanyua fimbo juu ya kichwa cha Maganga. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimng'ata mzee mkono wa fimbo ili aiachie. Maganga akapiga yowe, na alama za meno zikatokea kwenye mkono wake yeye.

Wakati huo watu walishafika. Walichokiona ni mwanamke anayemponda mwanamume kwa jiwe, basi. "Anaua! Mchawi huyo!" Ngumi ya kwanza ilinipasua hapa juu ya jicho. Wakaniangusha, wakanipiga mateke ya mbavu, mmoja akanikanyaga vidole mpaka jiwe likatoka. Kupitia miguu yao nilimwona mzee akimwinua Maganga kwa nywele. "Mpaka nyumbani!"

Na hapo, katikati ya mateke, neno hilo likaniingia. Nyumbani. Mzee huyu alikufa huko pwani, hakuwahi kurudi, hajui kwamba amefika! Bibi yetu alikuwa akitusimulia kwamba wapagazi wakirudi, wanawake waliwatokea njiani kwa vigelegele, na hapo ndipo mizigo ilipotuliwa. Nilikuwa na damu kinywani, pumzi sina. Nikapiga kigelegele. Kilitoka kibovu, kama kuku anayechinjwa. Walionipiga wakaacha kwa mshangao. Nikapiga kingine, kirefu, halafu nikapaza sauti:

"Mmefika! Hapa ni Unyamwezi! Tueni, baba zangu, mmefika!"

Fimbo ikabaki juu. Mzee akageuza kichwa taratibu, akaitazama nchi, miombo na vumbi lake.

"Nani anasema?"

"Mimi. Binti wa hapa."

Alimwachia Maganga. Kitu kizito kikagonga ardhi, na hili hata wachuuzi walilisikia, maana waliruka nyuma wote. Mzee akakaa chini, akaweka uso kwenye magoti, akalia. Nilipofuta damu machoni nitazame tena, palikuwa na vumbi tu.

Polisi walinishika. Nilifunguliwa kwa sababu Maganga alikataa katakata kunishitaki. Yeye hamkumbuki mzee wa Tura wala fimbo. Anakumbuka uzito, kisha kigelegele. Jicho la kushoto halikupona. Bega limebaki na nundu ngumu kama kwato, na kazi ya kuchomelea amewaachia wenzake. Mkewe haniruhusu kuingia kwake. Mtoto wao sijawahi kumpakata, namwona tu nikiwa nje ya uzio, nikipita. Siwezi kumlaumu mwanamke yule. Mimi ndiye niliyepiga.

Nenda pwani, ndugu yangu, kaoge, kale samaki, pazuri mno. Lakini mtu akikutokea akakusalimu kwa lugha ya kwenu na kukuomba umpokee, kaa mbali naye, mikono nyuma. Mwambie atue kwanza. Asipotua, kimbia, na wala usigeuke kumpiga. Hujui utakuwa unampiga nani.