Turbo Yetu na Nepi ya Neema

Uvumilivu uliniishia pale gari letu la kuvuta magari mabovu liliposhindwa kupanda mwinuko, nyuma limefungwa lori la mpunga wa Dakawa. Dereva wa lori akatoa kichwa dirishani. "Mama Neema, tubadilishane? Niwavute mimi?"

Mume wangu, aliyeshika usukani, alinigeukia kwa jicho la 'si nilikuambia', na jicho hilo ndilo lililoniuma. Yeye alitaka supachaja, ile inayozungushwa na mkanda wa injini na kutoa nguvu tangu gari linapoondoka. Turbo, inayozungushwa na moshi wa injini na kuvuta hewa kwa nguvu, niliing'ang'ania mimi, kwa kuwa siku hizi injini za mtumba kutoka Japani zimejaa mjini na spea zake hazikosi. Sasa nionekane mjinga?

Nikambeba Neema mgongoni mpaka ofisi ya kata, nikaandika ukurasa mzima kwamba Fundi Mkude ametufungia turbo mbovu. Mtendaji akamwita nyumbani kwetu, akamsomea malalamiko yangu mbele ya gari na mume wangu.

Fundi alifungua bomba la kuvutia hewa, akaingiza mkono, akatoa nepi ya Neema. Wiki nzima ya mvua nilikuwa naanika nepi juu ya injini, jirani na mdomo wa bomba hilo, maana pana joto.

"Turbo nzima hii, mama," alisema. "Inanyonya kuliko mtoto."

Mume wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mtendaji akaniuliza kama achane karatasi. Nikamwambia anipe, nikaandika upya nyuma yake: namlalamikia mume wangu, tangu tuhamie hapa hajanifungia kamba ya kuanikia nguo.

Mtendaji akaigonga muhuri.