Kuna Zizi Tu

Harufu ya lami mbichi hunifanya nipandishe kioo cha gari hata jua likiwa kali. Wenzangu hudhani nina mafua. Ninyi nitawaambia ukweli.

Nilikuwa darasa la tano, enzi zile maduka ya Dodoma yalipoanza kujaa sabuni na mitumba, tuliposikia kwamba barabara ya lami itapita kijijini kwetu, upande wa Bahi. Kabla ya magreda walikuja wataalamu wa mambo ya kale, mama mmoja na kijana wake wa kazi. Walitembea shambani wameinama, wakiokota vigae vya vyungu na kuvitia kwenye vifuko vyenye namba. Bibi alicheka mpaka akakaa chini. Watu wazima, wanaokota takataka zake!

Bibi hakujua Kiswahili, na mimi nilijiona nakijua kuliko mwalimu. Nikawa mkalimani.

Yule mama akaniomba nimuulize Bibi kama pana makaburi. Bibi akanishangaa. Akajibu kwa Kigogo: babu yako si yuko zizini, na baba yake pia? Mwenye mji atazikwa wapi kama si kwa ng'ombe wake?

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Shuleni watoto wa watumishi walitutania kila siku kwamba Wagogo tunalala na mifugo. Sasa niseme na kuzikwa tunazikwa humo?

"Anasema hakuna makaburi," nikajibu. "Kuna zizi tu."

Mama akaandika, akanishukuru, akanipa kalamu ya wino. Niliringa nayo wiki nzima.

Greda lilikuja kiangazi. Zizi halikuchukua hata nusu saa, na udongo wake ukasombwa kwenda kujaza tuta la barabara. Bibi alitazama, pindo la kanga mdomoni. Kisha akaniuliza, "Uliwaambia?"

"Niliwaambia, Bibi."

Alikufa akiamini kwamba wale watu walisikia, wakapuuza. Aliwalaani mpaka mwisho, nami nikimshikia kikombe cha uji.

Nilikuwa mtu mzima nilipoelewa kazi ya yule mama. Alikuja ili tuulizwe kabla ya kuvunjiwa. Aliuliza vizuri, na Bibi alijibu vizuri.

Kila nikienda Bahi napita juu ya babu. Sijui ni mahali gani hasa, kwa hiyo hata pa kusimama nikamwombe radhi sina.