Spika ya Bati Chumbani kwa Bibi

Juzi nilipita Mariakani kumwona rafiki yangu, nikamkuta amekaa katikati ya spika, ameduwaa. Ana kijichumba cha kusikilizia muziki, na anataka spika zenye mdomo mpana kama tarumbeta, ila hajui achague zipi. "Wewe uliyetembea kote, nishauri," akaniambia. Ningemshauri nini? Akili yangu ilikuwa imeshafika mtaa wa Barani, Malindi, miaka ya themanini, chumbani kwa bibi.

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, kimetandikwa mikeka, kinanukia udi na kahawa ya tangawizi. Baada ya alasiri wanawake wa mtaa walikuja na ukili wao, wakasuka huku kanda za taarabu zikilia. Kazi yangu mimi ilikuwa kupitisha kaimati na kugeuza kanda. Kanda aliyoipenda bibi kuliko zote ilirekodiwa harusini, akiimba dada yake, ambaye wakati huo alikuwa ameshafariki. Kisha masikio ya bibi yakaanza kuziba. Aliinamia redio mpaka shavu likaigusa, mwishowe akawa anakaa tu, anatutazama midomo. "Dada yangu ananiponyoka mara ya pili," alisema siku moja, na mikono yote ikaacha kusuka.

Mjomba akaenda kuazima kwa fundi wa redio spika za aina mbili, mama yake achague mwenyewe. Za kwanza zilikuwa makabati ya mbao yenye tarumbeta ndani, yakajaza nusu ya chumba. Yalilia kwa utamu, mabega ya watu yakacheza yenyewe. Bibi akatikisa kichwa. "Ngoma naisikia, mwanangu. Dada simsikii."

Ikabaki ya pili, tarumbeta tupu la bati, kama lile la msikitini. Mjomba akaunganisha maikrofoni apate kulijaribu, akakohoa, akaanza kama anavyoanza kila jambo: "Bismillahi Rahmani Rahim..." Madirisha yalikuwa wazi. Pale Barani, sauti kama ile nje ya wakati wa sala ilikuwa tangazo la msiba. Hajasema la pili, uani pamejaa watu. Jirani yetu mmoja, mama mcheshi, aliingia mbio, leso kaifunga kiunoni.

"Nani kafa?"

"Hakuna, shangazi," mjomba akajibu. "Tunajaribu spika."

"Mnajaribu! Nami nimelia njia nzima! Haya, nirudishie machozi yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Weka kanda," aliniambia.

Sauti ya dada yake ikatoka kavu, kali, haina utamu wowote, lakini kila neno limesimama peke yake. Wengine waliziba masikio. Bibi alifuata kwa midomo, mara akanyoosha kidole. "Hapo! Kauruka ubeti. Alikuwa na haraka tangu utotoni." Machozi yalimtoka huku anacheka. Bati likabaki. Tuliligeuza likatazama ukuta, wenzake bibi wapate kustahimili.

Miaka ilipozidi, hata bati halikumfikia. Aliweka kiganja kwenye mdomo wa tarumbeta, akihisi linavyotetemeka, akaniuliza, "Amefika wapi?" Nikimwandikia neno la wimbo kwa kidole mkononi, yeye aliuendeleza mwenyewe, kwa sauti iliyofanana mno na ile ya kandani.

Nyumba ile ina wenyewe wengine sasa, na kanda ililiwa na ukungu. Sauti ya bibi, hakuna aliyefikiria kuirekodi.