Jino kwenye Majani ya Ng'ombe

Mpaka leo nikisikia harufu ya majani mabichi ya ng'ombe, mkono wangu hupapasa mfukoni kutafuta jino. Subirini niwaeleze, msije mkadhani nimerukwa na akili.

Kwetu Rombo, Bibi na jirani yetu Mama Eliya walikuwa wakipokezana kukata majani: leo huyu anawakatia ng'ombe wa nyumba zote mbili, kesho mwenzake. Siku moja, nikiwa darasa la tatu, nilikuta ndani ya mzigo wa Mama Eliya jino jeusi la pembetatu, kubwa kuliko kidole gumba changu, zito kama jiwe, kingo zake kama msumeno. Na wiki hiyohiyo maziwa ya ng'ombe wetu yalikuwa yamepungua.

"Ruwa wangu!" Bibi akashika kichwa, akimwita Mungu kwa Kichaga. "Huyu ametutupia kitu. Kakitupe mtoni, na usigeuke nyuma!"

Basi, urafiki ukafa. Bakuli la Mama Eliya, lililokuja na kiburu cha moto, ndizi zilizopondwa na maharage, likarudi tupu, na mnajua hilo ni tusi gani. Mimi nikawa nampa shikamoo ya puani. Ng'ombe kumbe alikuwa na mimba tu, lakini hata alipozaa, Bibi hakubadili neno. Ushahidi si ulikuwepo? Kila asubuhi Mama Eliya alionekana ameinama mpakani kwenye ua wa mimea ya masale, akipekua nyasi.

"Anatafuta dawa yake," Bibi alinong'ona, nami nilimchukia yule mama kwa moyo wote. Ila jino sikulitupa. Jamani, lilikuwa zuri! Nililificha kwenye kopo, na nilipokua likahamia mfukoni.

Bibi alifariki bila kumsemesha tena Mama Eliya. Juzijuzi nikamwonyesha jino mwalimu mwenzangu hapa Moshi, akacheka sana.

"Hili ni la papa. Papa huangusha meno maisha yake yote, na ukoo wake ulikuwa baharini kabla mlima wetu haujazaliwa. Haya yaliyogeuka mawe huokotwa kule Lindi, machimboni."

Lindi! Eliya, mtoto wa pekee wa yule mama, alikwenda kuchimba mawe Lindi, akafia huko.

Jumamosi nilikata isale, jani tunaloombea msamaha, nikaenda kwake. Siku hizi haoni vizuri, nikamwekea jino kiganjani. Alipitisha kidole kwenye kingo zake.

"Eliya aliniletea alipokuja mara ya mwisho. Nililifunga kwenye pindo la kanga, likadondoka nikikata majani," alisema. "Kumbe mlikuwa nalo ninyi."

Isale halikataliwi, akalipokea. Nami niliona aibu, kwani miaka yote ile tulimlinda ng'ombe wetu na mchawi, kumbe mwizi nilikuwa mimi.