Krismasi Gatera Aliponilaza kwenye Machela

Mzee Gatera wa Kinyinya alikuwa fundi matofali, mfupi, mwenye shingo nene, na alinitazama kama tofali ambalo bado halijaingia tanuruni. Nilistahili. Desemba ya mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, mwanafunzi wa chuo cha Biblia kutoka Ngara, Tanzania, nimetumwa Kigali likizo nzima ya Krismasi kulitumikia kanisa dogo la kilimani. Nilikuja na suti moja, tai mbili na mahubiri saba. Nilijiona mtu.

Alinipokea nyumbani kwake. Kiswahili alikiokota Bukavu, alikofyatua matofali miaka kumi, na alikizungumza apendavyo. "Pasiteri," aliniambia siku ya kwanza, ingawa uchungaji sikuwa nimeupata, "hapa watu iko na vita, iko na njaa, iko na vyama mingi. Usiongee murefu." Nilinuna hadi chakula cha jioni.

Haikunichukua siku nyingi kugundua kwamba matofali yalikuwa kazi yake ya pili tu. Ya kwanza ilikuwa ingobyi, machela ya matete ambayo kilima kizima kiliitegemea, kwa kuwa gari la wagonjwa halikufika huko. Mtu akizidiwa, filimbi inapulizwa, wanaume wanaacha walichoshika, wanne wanaweka miti ya machela mabegani na kwenda nusu mbio hadi mjini, kilomita kumi. Zamani kila nyumba ilitoa mtu. Kisha wakaja watu wa vyama vya siasa wakisema Wahutu wawe na machela yao na Watusi yao. Gatera, ambaye mwenyewe alikuwa Mhutu, aliwajibu kwamba mikono yake inajua kusuka moja tu. Wengi wakaogopa, wakajitoa. Walibaki wanne: yeye, mkimbizi wa Kirundi aitwaye Ndihokubwayo, na Watusi wawili, Sangwa na Évode.

Asubuhi ya Krismasi nilikuwa nimefika katikati ya hubiri langu bora kuliko yote filimbi ilipolia nje. Wanaume wanne wa benchi la mbele wakasimama na kutoka, hata kuniangalia hawakuniangalia. Nilikasirika, nakiri. Niliwafuata kwenye mvua, Biblia mkononi, niwaulize ni adabu gani hiyo.

Nilimkuta Gatera akimfunika Pudentienne, mjane muuza mtama, kwa blanketi kutoka kichwani hadi miguuni ili asilowe. Tumbo lake lilikuwa limekaza kama ubao na tangu alfajiri alikuwa hasemi. Bintiye Médiatrice alishika ndoo na kitenge.

"Unakuja ao unabaki?" Gatera aliniuliza.

Nikaenda. Niliomba kumpokea Évode, na kabla ya hatua mia mbili bega langu lilikuwa linawaka moto, Évode akairudia nafasi yake. Wao walibadilishana mabega bila kusimama, na mgonjwa hakutikisika. Kila tuliyekutana naye njiani alijipenyeza chini ya mti, akabeba kipande, akatuachia na kurudi zake bila kuuliza ni nani amelala pale. Nilikuwa nimehubiri upendo wa jirani mara tatu mwezi ule.

Bondeni, kabla ya kupanda Kacyiru, palikuwa na kizuizi cha askari. Wakataka vitambulisho. Mikono ya wabebaji ilikuwa imeshika miti, kwa hiyo mimi ndiye niliyechomoa kadi kutoka mfuko wa kila mmoja na kumwonyesha koplo, pamoja na pasipoti yangu ya Tanzania. Kadi zile ziliandikwa kabila. Koplo alizisoma polepole, mvua ikimtiririka usoni, kisha akawaonyesha kwa kidole Sangwa na Évode.

"Mgonjwa apite," alisema kwa Kinyarwanda, ambacho mimi Mhangaza, mwenye lugha ya karibu nacho, nakielewa vizuri tu. "Hawa wawili, mkirudi, watabaki hapa na sisi."

Miezi ile kila mtu Kigali alijua kwamba anayebaki kizuizini hana hakika ya kurudi kwake. Nilirudisha kadi mifukoni, nikawatazama Sangwa na Évode nikidhani watageuka na kukimbilia migombani. Walinyanyua mguu wa kulia kwa pamoja na kuupanda mlima. Nilistaajabu hata nikasahau kutembea, Médiatrice akanisukuma mgongoni.

Hospitalini wakamwingiza Pudentienne chumba cha upasuaji moja kwa moja. Saa nane mchana daktari alitoka, akasema utumbo ulikuwa umeoza, angechelewa kidogo tu angekufa, lakini sasa ataishi. Médiatrice akapiga magoti sakafuni. Mimi nikasema haleluya peke yangu.

Médiatrice akabaki na mama yake, nasi ikatubakia safari ya kurudi. Tuliketi ukumbini, machela tupu ikiwa imeegemezwa ukutani, na hakuna aliyeinuka. Njia nyingine zilikuwa na vizuizi vibaya kuliko kile, na kulala mjini bila ndugu ilikuwa kujitafutia balaa. Sangwa alivua viatu, akavitazama, akavivaa tena. Ndipo Gatera alipoanza kunipima kwa macho, juu hadi chini.

"Pasiteri, iko na kilo ngapi?"

"Themanini."

Akaguna. Akaitandaza machela sakafuni. "Rara hapa."

Nilielewa kwamba anataka niwe mgonjwa, ili wabebaji wote wanne wahitajike kizuizini, nikakataa. Nilimwambia kwamba mimi ni mtumishi wa Mungu, siwezi kudanganya siku ya Krismasi. Gatera hakukasirika. Aliwanyooshea kidole wale wawili, mmoja baada ya mwingine, kisha akaniuliza kama nina wazo lingine. Nililala, wakanifunika kichwa na lile blanketi lililolowa chapachapa, na wanaume wanne waliokuwa hawajala tangu asubuhi wakaninyanyua.

Sijawahi kubebwa hivyo tangu nikiwa mtoto. Nilisikia pumzi zao pande zote nne. Nilisikia Sangwa akihesabu hatua kwa sauti ya chini ili waende sawa. Nilikuja Kigali kuwatumikia watu hawa, na walikuwa wamenibeba mabegani, na hapakuwa na wa kuwapokea.

Kizuizini tukasimama. Nilifumba macho kana kwamba blanketi halitoshi.

"Mnamrudisha?" Ilikuwa sauti ya koplo.

"Hospitalini wamejaa," alijibu Gatera. "Ni kuhara damu. Wametupa dawa, wamesema tusimfunue."

"Na yule Mtanzania?"

"Amebaki kanisani kwao mjini."

"Nilisema hao wawili wanabaki."

"Wachukue," alisema Gatera, kwa sauti ya mtu anayeuza matofali na hana haraka. "Nipe askari wawili washike hapa kwa nyuma. Wachunge nguo, machela inavuja."

Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye blanketi, tone, tone. Sikuona uso wa koplo. Nilisikia buti zikirudi nyuma, kisha mti wa kizuizi ukilia ukipandishwa.

Sikuweza kushuka. Barabara ya kupanda Kinyinya inaonekana kutoka kizuizini hadi kileleni, kwa hiyo walinipandisha kilima chote, kilo themanini, bila kupumzika. Nililia ndani ya blanketi lile. Nasema wazi, nililia kwa mshangao kuliko hofu, maana nilikuwa sijui kwamba watu wako hivi.

Kileleni nikasikia kelele ambayo sikuitarajia. Wanawake walikuwa wanatungoja, na kilimani kwao machela ikirudi imejaa ina maana moja tu: imebeba maiti. Waliona blanketi limefunika uso. Mke wa Sangwa, Mukabalisa, ambaye habari za kizuizi zilimfikia mapema, alikuja mbio akipiga mayowe, akalishika blanketi kwa mikono miwili kabla hajatazama nani anabeba.

"Mukabalisa," Sangwa alimwita kutoka chini ya mti. "Niko hapa."

Hakusikia. Akafunua, akanikuta mimi, tai shingoni, macho mekundu, mzima kabisa.

Kisha akageuza shingo na kumwona mumewe, jasho likimchuruzika, mti bado begani. Akaketi matopeni pale pale, mguu wa Sangwa ameukumbatia, na hakuuachia hata walipokuwa wakinishusha.